Chupa Imerudi na Nani

Mimi ni fundi wa stuli. Hapa Gatwekera, ndani ya Kibera, ukiuliza Mzee Khamala utaonyeshwa kibanda karibu na reli, mzee ana goti moja imekataa kukunja, anapiga msumari na redio inaongea peke yake. Shule nilifika darasa la tatu. Mwalimu alinituma nyumbani nilete karo na mpaka leo bado niko njiani. Kwa hivyo nikianza kuzunguka na maneno univumilie, huwa narudi.

Nataka kuongea juu ya wimbo moja. Kama umeishi huku kwetu hizi siku na uko na masikio, umeiskia. Pengine umeicheza hata kwa harusi. Mimi nataka kukwambia ilikuwa ya nani kabla iwe ya kucheza.

Mlango yangu inaangaliana na ya Nereah. Nereah ni nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya kwa Kijaluo, mjane, anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inabaki na kichwa baada ya nyama kuenda kwa wenye meza. Anaikaanga mpaka inalia kwa meno. Mimi ananiita Baba Phanice kwa sababu ya binti yangu wa kwanza, Phanice, ambaye anaishi Kawangware na kufulia watu nguo. Na huyo Phanice ndiye aliniachia kijana wake Isaac nimlee, tangu akiwa wa kutambaa. Nereah naye alikuwa na kijana moja tu, Oluoch. Alizaliwa siku ya mawingu, ndio maana ya hiyo jina. Isaac na Oluoch wamekula kwa sahani moja mpaka nikawa siwezi kukumbuka ni nani nilichapa kwa kosa ya nani. Marehemu mke wangu Sella alikuwa anasema tuwahesabu jioni kama kuku, tukipata wawili basi tufunge mlango, hakuna haja ya kuuliza ni wawili gani.

Sasa ile siku ya maandamano, ya mwezi wa sita, vijana walikuwa barabarani tangu asubuhi. Oluoch hakuenda. Nereah alimfichia viatu. Alikaa mlangoni miguu mitupu, amenuna, anasukuma simu na kidole, na mamake anamwambia, "Nuna tu, baba, kununa hakuna risasi." Tulicheka. Mimi nilikuwa hapo napiga stuli randa, nilicheka kabisa.

Halafu mafuta iliisha na samaki iko kwa karai.

Nereah alimrudishia viatu. Akampa chupa, ile ya lita moja ya plastiki, akamwambia apitie nyuma, asifike barabara kubwa, anunue kwa duka ya juu arudi. Alienda anakimbia. Tuliskia milio mbili. Pa! Pa! Siku hiyo milio ilikuwa mingi lakini ilikuwa mbali. Hizo mbili zilikuwa karibu, mpaka nikaacha randa.

Chupa ilirudi. Ilirudi imejaa mafuta, kifuniko imefungwa vizuri. Nereah alitoka kuangalia njia akaikuta imewekwa kwa mlango, imesimama wima, na hakuna mtu. Oluoch tulimpata kesho yake mochari, na tundu mbili mgongoni. Mgongoni, yaani alikuwa amegeuka, alikuwa anakuja nyumbani.

Nani alileta chupa? Hapo ndio wimbo ilitoka. Mtu alimwona akianguka. Na huyo mtu alijua ni kijana wa nani, alijua mlango, alichukua chupa akaileta, akaogopa kuongea. Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikuwa amelala siku hiyo, saa nane mchana, Gatwekera yote imelala. Wale wa kuandika ripoti walituambia bila mtu aliyeona hakuna kesi, kuna uvumi tu.

Ngoja nikueleze kitu ya kwetu. Sisi watu wa Bungoma wimbo ya matanga iko na pahali pa jina. Anayeongoza anauliza, watu wanajibu na jina ya marehemu. Kesho mkienda matanga ingine, wimbo ni ile ile, mnatoa huyo mnaweka wa huko. Jina inaingia kama kifuniko kwa sufuria. Lakini kuna moja hatufanyi. Hatuweki hapo jina ya mtu anapumua. Hata kwa mzaha. Mimi nikiwa mdogo nilimweka kaka yangu tukicheza kwa shamba ya muhogo, mama alinipiga mpaka jirani akaja kuniombea.

Kwa matanga ya Oluoch, Isaac aliniomba sauti ya kwetu. Nikampa. Maneno akaweka yeye. Ilikuwa hivi:

*Nani alitumwa mafuta?* Watu wanajibu: *Oluoch!*
*Nani aliaga mamake?* *Oluoch!*
*Nani alikuwa karibu afike?* *Oluoch!*
*Chupa imerudi na nani?*

Na hapo hakuna jibu. Hapo unapiga makofi mbili. Pa! Pa! Halafu kimya kidogo, halafu mnaanza tena.

Mtu wa nje akiskia anaona ni wimbo ya mtoto ametumwa dukani. Hata wakati ilianza kuimbwa barabarani kwa maandamano, wale wa kofia ngumu walikuwa wanasimama wanaangalia tu, utamshika mtu kwa kosa ya kusema mafuta? Utamshika kwa kupiga makofi? Lakini sisi tulikuwa tunajua makofi ni nini. Na kulikuwa na mtu moja hapa ndani ambaye akiskia hiyo mstari ya mwisho anajua anaitwa yeye. Tulikuwa tunamwambia, wewe uliona, tunajua uko, hatuna ubaya na wewe, kuja useme.

Na ilianza kufanya kazi. Jioni moja vijana walipita na reli wakiimba. Mama moja, mimi simjui, wa upande wa Soweto, ile ya hapa hapa Kibera, alikuwa amesimama kwa Nereah kama anataka kununua samaki. Ile chupa Nereah alikuwa ameweka kwa rafu, juu ya redio, bado imejaa, hajawahi kuifungua. Yule mama aliangalia chupa. Akaangalia chini. Machozi ikaanza kumtoka, akasema, "Nitakuja. Wacha niongee na mzee yangu kwanza. Mkiimba tena nitakuja." Akaenda bila samaki.

Nereah alivuka njia akaja kwangu mbio na mikono ya unga. "Baba Phanice, waambie watoto wasiache kuimba. Hata kama nimelala. Hata kama mvua inanyesha."

Sasa unajua hiyo wimbo ilikuwa ya nini. Ilikuwa ndoano, na samaki ilikuwa imeanza kugusa.

Tulipanga kumbukumbu ya mwaka moja, hapa hapa kando ya reli, watu wengi, ili huyo mama apate ujasiri katikati ya watu. Isaac alikuwa anagawa makaratasi ya kualika. Polisi wakamchukua na makaratasi mkononi. Wakasema ni mchochezi, wakasema kuna duka ilichomwa na yeye alionekana. Isaac! Isaac hata jiko ya mkaa ilikuwa inamshinda kuwasha. Alikaa ndani wiki, ikapita, ingine ikaingia. Nilienda na fimbo yangu mpaka pale kwa kaunta, nikaambiwa, "Mzee, rudi nyumbani upumzishe goti." Halafu siku moja nikaskia ameachiliwa, yuko kwa mamake Kawangware, anapumzika. Nilimshukuru Mungu, sikuuliza mengi. Mtu akirudishiwa kitu yake haulizi ilikuwa wapi.

Nilimngoja siku kadhaa arudi Gatwekera. Hakurudi. Nikasema nitaenda mwenyewe. Nikamtengenezea Phanice stuli ya kufulia, ile fupi ya kukalia kwa beseni, nikaibeba mpaka Kawangware. Phanice nilimpata kazini, kwa nyumba ya geti, upande ile karibu na matajiri. Anafulia mtu anaitwa Wekulo. Huyu Wekulo ni wa kwetu kabisa, babake namjua, walikuwa wanauza ng'ombe Chwele. Yeye alikuwa anasimama udiwani huku kwetu wadi ya Sarang'ombe, kiti ilikuwa wazi, uchaguzi mdogo imeitwa. Kwa karatasi za ukutani anasema amezaliwa Kibera na atakufa Kibera. Kulala analala Kawangware.

Nilikaa na Phanice kwa uwanja ya nyuma. Alijaribu stuli akacheka, akasema, "Baba, hii imenifikia, ile ingine ilikuwa inanivunja mgongo." Nje ya geti kulikuwa na lori ya spika, vijana wanapanga waya. Mmoja anaitwa Makau alikuwa juu ya lori anaongea na kipaza sauti: "Testi, testi. Kawangware mko?" Halafu akaweka muziki.

Ngoma niliijua kabla maneno. Mtu hawezi kosa kujua mtoto wake hata akivaa nguo ya watu. Nilisimama, goti ikasahau ugonjwa.

*Nani ataleta maji?* *Wekulo!*
*Nani anajua shida?* *Wekulo!*
*Nani ako karibu afike?* *Wekulo!*
*Kura yako ni ya nani?*

Pa! Pa!

Na sauti ya kuuliza ilikuwa ya Isaac.

"Phanice. Huyo si Isaac?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa anafua shati nyeupe ya mtu mkubwa, anasugua kola.

"Ni yeye, Baba."

"Anaimba nini?"

"Si unaskia."

"Hiyo ni wimbo ya Oluoch."

"Ilikuwa."

"Phanice, mimi nakuuliza kama mzazi..."

"Na mimi nakujibu kama mzazi!" Sasa aliinua kichwa, na mikono ilikuwa na povu mpaka kwa kiwiko. "Loya wa kumtoa Isaac alitoka wapi, Baba? Ulimwita wewe? Ungempelekea hakimu stuli? Mimi nilipiga magoti kwa hiyo jikoni, hapo ndani, nikiwa na nguo za mtu mkononi. Wekulo akasema atamtoa. Akasema hataki kitu, anataka tu wimbo. Wimbo, Baba! Nikafikiria angetaka damu. Nikasema chukua. Nereah alipoteza wake, nimeomboleza na yeye, nimepika kwa hiyo matanga. Lakini wangu bado anapumua na mimi sitaomba msamaha."

Nilikaa kwa stuli ambayo nilikuwa nimemletea.

Geti ikafunguliwa, Wekulo mwenyewe akatoka ndani ya nyumba kuskia spika. Mtu wa kunukia vizuri. Akaniona akanyoosha mikono yote mbili.

"Mulembe, papa! Si huyu ni babu ya Isaac? Huyo kijana ni kipaji, papa. Kipaji!"

"Mulembe," nikamwambia. "Kijana yangu, nataka kukwambia kitu moja kabla hiyo lori itoke. Hiyo sauti ni ya matanga. Hapo wamekuweka ni pahali pa mtu amekufa. Babako angekuwa hapa angezima hiyo spika na mkono yake."

Aliacha kucheka kidogo. Nakwambia kweli, niliona mkono yake ikienda kwa kifua kushika kifungo ya shati. Kwa sababu hata mtu akilala wapi, kuna mahali mama yake alimwimbia. Halafu akaangalia vijana wake kwa lori, nao walikuwa wanamwangalia.

Makau akasema kutoka juu, "Mzee, matanga gani? Hii kitu ni moto, ona hata watoto wanaruka huko nje!"

Wekulo akacheka tena, kubwa zaidi. "Papa, hayo ni mambo ya mashambani. Hapa watu wanataka ngoma. Mimi nimepigiwa kelele na mahasidi wangu wote na sijakufa, nitauliwa na wimbo?"

"Basi toa makofi," nikasema. "Jina uweke, maji uweke, lakini hayo makofi mbili toa. Unajua ni nini?"

"Makofi ndio utamu wenyewe!" Akatoa kofia yake, ile ya rangi ya chama iko na uso yake mbele, akanivalisha kichwani na mkono yake mwenyewe. "Mzee wetu huyu. Mpigeni picha."

Wakanipiga picha. Nilikuwa nimesimama na mdomo wazi, na mtu anaweza kuona kama nacheka.

Isaac nilimpata kwa chumba ya mamake, amelala saa sita mchana, amegeukia ukuta.

"Isaac."

"Kuka, wacha tu." Ndivyo huniita, babu kwa lugha yetu.

"Niache nini?"

"Ningedu nini, Kuka?" Hakugeuka. "Ndani kule nilikuwa nalala nimesimama. Mathe akikuja analia mpaka hata wale askari wanatoka nje. Nikaambiwa ni ngoma tu, nirekodi na niende home. Niliwaambia basi tubadilishe hiyo ya makofi. Wasee wakacheka. Wakasema hapo ndio kila mtu anashika." Akasugua ukuta na kidole. "Nikipiga hayo makofi, Kuka, kwa studio, nilifunga macho. Nikamwona akikimbia na chupa."

Niliweka mkono kwa mgongo yake. Alikuwa amekonda. Mimi ndiye nilimlea huyu, na sijui mpaka leo kama nilikuwa nataka kumkumbatia ama kumzaba kofi. Nilifanya hiyo ya kwanza.

Nilirudi Gatwekera jioni, nikaenda moja kwa moja kwa Nereah, kwa sababu lori ilikuwa inakuja kesho na sikutaka aipate kwa barabara kama mtu aliyegongwa. Alikuwa anageuza samaki. Nilimwambia yote. Loya, jikoni ya Wekulo, maji, makofi. Aliendelea kugeuza samaki, mmoja mmoja, pole pole.

"Kwa hivyo Isaac ako sawa," akasema.

"Ako sawa. Amekonda."

"Mwambie kuna vichwa nimemwekea." Akageuza ingine. "Na mahali pa Oluoch wameweka huyo?"

"Huyo."

"Kwani jina ya mtoto wangu ilikuwa imekalia kiti ya mtu?"

Nikamwambia ile ya kwetu, ati kuweka mtu hai pahali pa marehemu ni kumchimbia. Nilikuwa nataka kumpa kitu ya kushika.

"Atakufa?" akaniuliza.

"Kwetu wanasema."

"Kwenu mnasema mengi, Baba Phanice." Akacheka, kicheko fupi ya kukohoa. Halafu akaona nimevaa kofia. Nilikuwa nimeisahau kichwani, njia yote kutoka Kawangware nilikuwa natembea na uso ya Wekulo! Aliitoa kichwani mwangu taratibu kama unamtolea mtu mdudu, akaikunja, akashika nayo mkono ya karai yenye moto. Mpaka leo ndio kazi ya hiyo kofia.

Lori ilikuja. Ilizunguka kila siku mpaka uchaguzi. Asubuhi, mchana, jioni, inapita kwa reli, inarudi. Wanatupa tisheti, wanatupa unga. Watoto wanaikimbilia. Mimi nilikuwa naweka redio yangu juu kabisa na bado naskia. Na nakwambia kitu mbaya kuhusu wimbo tamu: mguu inaanza kupiga kabla wewe uamue. Siku moja nilijipata napiga msumari na hiyo mdundo. Pa, pa. Nikatupa nyundo.

Yule mama wa Soweto hakuonekana. Nereah alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Alipita?" Angepita aje? Alisema mkiimba tena nitakuja. Na ilikuwa inaimbwa mchana kutwa, na kila mara inamwambia kura yake ni ya nani.

Siku ya kumbukumbu watu walikuja, sitadanganya, walikuja wengi. Tuliweka picha ya Oluoch kwa stuli yangu mpya, na chupa kando yake. Wengine walikuja na tisheti za Wekulo kwa sababu ndio nguo safi walikuwa nayo. Isaac alikuja na mamake. Alisimama nyuma kabisa, karibu na choo. Nereah alimwona akamwita na mkono, "Kuja uongoze, mwanangu." Isaac akatikisa kichwa. Akashika koo, kama ni koo inauma.

Basi Nereah akasimama mwenyewe. Hajawahi kuongoza wimbo. Sauti yake ni ya kuita wateja, si ya kuimba, lakini ilitoka, na ilitoka vizuri. Alikuwa anaangalia upande wa Soweto. Na mimi niliangalia, na huko nyuma ya watu, kando ya nguzo ya stima, yule mama alikuwepo. Na leso kichwani. Ameshika mkono ya mwanaume, mzee yake, nafikiri. Walikuja!

*Nani alitumwa mafuta?*

"Wekulo!"

Si kwa ubaya. Hiyo ndio naomba uelewe. Hakuna mtu alitaka. Watoto ndio walikuwa na sauti kubwa zaidi, na watu wazima nyuma yao, na mtu akishatoa sauti hawezi kuirudisha. Niliona mama mmoja mbele ameziba mdomo na mkono yake mwenyewe.

Nereah alisimama. Akaanza tena.

*Nani aliaga mamake?*

Nusu wakasema Oluoch na nusu wakasema Wekulo, majina ikagongana, ikatoka kelele haina jina yoyote.

Mara ya tatu hakuimba, aliuliza tu, kama mtu anauliza njia. *Nani alikuwa karibu afike?* Na watu wakaogopa kukosea. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Mimi nilisema "Oluoch," lakini sauti yangu ni ya mzee, ilianguka hapo miguuni mwangu. Niliangalia nyuma kwa Isaac. Mdomo yake ilikuwa wazi na hakuna kitu ilikuwa inatoka.

*Chupa imerudi na nani?*

Pa! Pa!

Makofi walikumbuka. Wote, pamoja, safi kabisa, hata watoto. Jina iliwashinda, makofi ikatoka kama askari wa gwaride. Na kijana moja nyuma, ulimi imezoea, akamalizia peke yake kwa furaha: "Wekulo!"

Niliangalia kwa nguzo ya stima. Mwanaume alikuwa amemvuta mama yule mkono, wanaenda. Mama aligeuka mara moja. Nadhani alikuwa anaona kile kila mtu aliona, kwamba huku watu wameshanunuliwa mpaka ulimi, na ukisema uliona, kesho nani atakuwa upande yako? Nilijaribu kumfuata. Na hii goti. Nikifika kwa nguzo walikuwa wameshaingia kwa vichochoro.

Wekulo alishinda. Nilingoja. Nasema ukweli wa Mungu, nilingoja afe, mimi mzee mzima, kila asubuhi nafungua redio na masikio imesimama. Hakufa. Amenenepa. Maji haijafika, lakini yeye anapita hapa siku moja moja, anapunga mkono, anapiga kelele, "Papa! Mulembe!" na mimi najibu mulembe, kwa sababu sikulelewa kunyamazia salamu. Wimbo wanaicheza kwa harusi. Isaac yuko Kawangware, anaosha magari, hajaimba tena hata kanisani. Kesi ya Oluoch walituambia tungoje.

Nereah anakaanga samaki. Ameanza kitu yake mpya. Mtoto akikuja kununua, kabla amfungie anamuuliza, kwa kuongea tu: "Nani alitumwa mafuta?" Mtoto lazima aseme Oluoch. Juzi moja alisema Wekulo, Nereah akarudisha samaki kwa karai, mtoto akaenda nyumbani analia, mamake akaja kugombana, wakarushiana maneno mpaka mimi nikatoka na fimbo. Sasa wote wameshajua. Wanafika wanasema "Oluoch" hata kabla waulizwe, mbio mbio, wananyoosha mkono.

Nilimwambia, "Nyar Ugenya, hao wanasema kwa sababu ya samaki."

"Yule mwingine walimsema kwa sababu ya tisheti," akanijibu. "Samaki yangu si mbaya kuliko tisheti."

Leo asubuhi kasichana ka jirani kalikuja, kakasema "Oluoch" vizuri, kakapewa kichwa kubwa na mkia juu. Kakashukuru. Kakavuka njia, mafuta inang'aa kwa mdomo, kakakutana na wenzake wanaruka kamba, kakaingia katikati. Nani ataleta maji, wanaimba. Nani anajua shida. Nereah alishika mkono ya karai na ile kofia, akaisogeza kwa moto, akageuza samaki. Nyuma yake chupa iko kwa rafu, juu ya redio, imejaa.

Pa! Pa! wakapiga watoto, na kamba inazunguka.